Joto Lisilo la Jua

Newala, Jumatatu 7 Oktoba 1957

Nimempiga mtoto leo. Stamili, darasa la nne, mtulivu kuliko wote. Alikunja vibaya upindo wa foronya, ndilo kosa lake lote. Joto lilinipanda kutoka kifuani, likafika shingoni, usoni, mpaka masikioni. Jasho linanitiririka mgongoni ndani ya blausi ya mikono mirefu, na yeye wakati huohuo ananionyesha ule mshono. Rula ilikuwa mkononi. Mara mbili kwenye vidole! Hakulia. Alinitazama tu. Wenzake wakainamisha vichwa wakashona kimya.

Dakika tano baadaye joto limekwisha, natetemeka kwa baridi. Baridi, saa sita mchana, mwezi wa kumi!

Mwalimu mkuu, Mwalimu Abdulkadiri, akauliza kama ni malaria. Nikasema ndiyo. Uongo. Malaria naijua.

Jumanne 8 Oktoba

Joto mara saba leo. Nimeanza kuweka alama kwa penseli nyuma ya daftari hili.

Siku zangu nilizipata mara ya mwisho Agosti mwaka jana. Nina miaka arobaini na tisa. Najua zimekoma, si mjinga. Ila sikujua kukoma kunakuja na haya yote – joto, usingizi wa vipandevipande, kusahau majina ya watoto niliowafundisha miaka mitatu, hasira. Kitabu changu cha afya kina kurasa kumi na mbili za kumwogesha mtoto mchanga. Hili halimo.

Nimehamia kwenye mkeka karibu na mlango. Kitanda kinaunguza. Mume wangu, Baba Nikolao, hakuuliza. Mimi sikusema.

Alhamisi 10 Oktoba

Kituko! Baba Nikolao karudi kutoka karakana yake ya useremala anatabasamu peke yake. Wateja wamempongeza. Eti mkewe, Mwalimu Cecilia, ana mimba: anajipepea darasani, na kwenye harusi ya Jumapili alikataa mchuzi.

“Ni kweli, Mama Nikolao?” Sauti ndogo, kama kijana anayeposa.

Nikolao wetu yuko Lindi, ana miaka ishirini na sita. Julia keshaolewa Masasi. Mimba!

Nikasema si kweli. Akauliza, basi ni nini? Nikasema hakuna kitu. Akavua kofia, akaivaa tena, akarudi karakana bila kula. Angeelewa kama ningesema. Mdomo uligoma.

Jumamosi 12 Oktoba

Nimekwenda na dada Sikudhani kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini. Ni jirani, amenizidi kama miaka kumi na miwili, na ndiye anayewafunda wasichana wa huku unyagoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama ninavyojipepea na jani la mgomba. Akacheka mpaka akaweka jembe chini.

“Imekukuta!”

Nikalia. Sijui kwa nini. Akaniacha nilie, akaendelea kuchimba. Halafu akasema tulipokuwa wali unyagoni, walitufundisha damu inavyoanza, siku nyingi kabisa, na ngoma juu. Inavyokwisha hakuna aliyetufundisha. Kila mmoja anaungua kwenye nyumba yake.

Aliyonieleza, niyaandike kabla sijasahau, maana sasa nasahau:

Chai ya moto mchana niache, na pilipili. Nile kunde, choroko, majani, na samaki wale wadogo wakavu pamoja na mifupa yao, kwa sababu mifupa ya mama yake ilivunjika kama kuni. Nioge jioni kabla ya kulala, hata kwa kata mbili. Nijifunike khanga moja kuukuu, ya zile zilizolainika. Niende shamba alfajiri kwa miguu yangu, mwili uliochoka kwa kazi unalala. Joto likija nisishindane nalo, nikae, nivute pumzi taratibu, litapita.

“Na mafuta ya nazi.” Akanitazama. “Si ya nywele. Ya kitandani.”

Nikaona aibu. Akasema aibu haijawahi kumponya mtu. Kisha akasema nimwambie mume wangu, tena mchana, tukiwa tumevaa nguo.

Jumatatu 14 Oktoba

Kabla ya somo nimemwomba Stamili msamaha, mbele ya darasa lote. Amesema, “Haidhuru, Mwalimu,” akakunja vidole vyake. Vile viwili bado vimevimba. Sitashika rula tena ila kupimia kitambaa.

Wasichana wamenisaidia kushona gauni. Pamba tupu, mikono mifupi, shingo pana. Mwalimu Abdulkadiri akasema nimependeza, malaria imeisha? Nikasema haikuwa malaria.

Jumatano 16 Oktoba

Mara nne tu. Chai – kweli alivyosema. Pilipili – kweli, ila naitamani mno! Kuoga jioni ndiko kunakosaidia zaidi. Nashukuru bomba lipo. Zamani tuliposhuka bondeni kuchota, nani angethubutu kujimwagia maji kwa ajili ya joto?

Kwa Baba Nikolao bado. Anakula, anashukuru, anaondoka.

Alhamisi 17 Oktoba

Nimemwambia. Saa kumi jioni, karakana, anapiga randa mlango wa mtu. Nikasimama upande wa pili wa meza ile ndefu, nikasema yote kwa mkupuo: siku zangu zimekoma, ndiyo sababu ya joto, ndiyo sababu ya mkeka.

Randa ikasimama. Akaniuliza, “Kwa hiyo hujanichoka?”

Siku zote hizo alidhani nimemchoka! Anasema hata alinusa mashati yake.

Nikamwambia pia kuhusu mafuta ya nazi. Dastani mume wangu, mtu wa miaka hamsini na sita, akaokota maranda sakafuni moja moja hadi yakaisha. Kisha akasema mambo ya wanawake yeye hayajui, baba yake hakuwahi kuyataja, na tafadhali nisiyataje wateja wakiwepo. Nikasema sawa.

Tumekula pamoja leo.

Jumapili 20 Oktoba

Baada ya kanisa Baba Nikolao amechukua msumeno na tindo, akatoboa ukuta wa chumba chetu upande wa mashariki. Vumbi la udongo mpaka kwenye sufuria! Sikuombwa ruhusa. Kufikia jioni kuna dirisha, na kimia cha mbu. Jirani akapita akauliza, mnajenga? Akajibu, “Tunataka upepo,” akaendelea kugonga.

Nimerudi kitandani.

Jumatatu 28 Oktoba

Mara mbili. Nimelala hadi jogoo. Nimekumbuka majina yote arobaini na moja! Akina mama wawili wamenifuata baada ya shule kuuliza habari za gauni, na hazikuwa habari za gauni, ni za joto.

Jumapili 3 Novemba

Damu.

Si nyingi. Lakini ni damu, baada ya mwaka na zaidi. Kwanza nikafurahi kipumbavu – labda nimerudi ujana! Nikamkimbilia dada Sikudhani. Hakucheka. Amesema joto ni la kawaida, hasira ni ya kawaida, ila damu inayorudi baada ya mwaka mzima si ya kukaa nayo nyumbani. Yeye hana dawa yake, na asiwepo mtu wa kunidanganya kwamba anayo. Niende Ndanda, hospitali ya misheni.

Inaweza kuwa kitu kidogo. Amesema hivyo mara tatu.

Jumanne 5 Novemba, Masasi

Tumeshuka na lori la korosho, juu ya magunia. Baba Nikolao amefunga karakana katikati ya msimu. Nilimwambia naweza kwenda peke yangu. Akasema, “Panda.” Julia ametupikia. Nimemwambia na yeye yote, ana miaka ishirini na minne tu, lakini ajue mapema. Alisikiliza mdomo wazi, akauliza maswali mazuri.

Damu bado kidogo.

Jumatano 6 Novemba, Ndanda

Naandika kwenye benchi, magotini. Tumefika asubuhi. Muuguzi, binti mdogo, amechukua jina langu na tarehe, akauliza maumivu yako wapi. Hayapo. Akaandika hilo pia. Daktari anaita mmoja mmoja. Wako wawili mbele yangu.

Hili ni benchi la wanawake. Muuguzi alimwelekeza Baba Nikolao kule kwa wanaume, kwa heshima. Akasema ameelewa, akakaa hapahapa. Wanawake wakasogea, wangefanya nini tena. Kofia yake iko magotini.

Mikono yangu ni ya baridi. Si ile baridi. Hii ni hofu tu.

Mmoja ameingia. Amebaki mama mmoja, Mwanaheri, wa Chiwata. Ameanza kujipepea na ncha ya mtandio, jasho usoni, anaona haya, anageuka ukutani. Baba Nikolao anamtazama. Mungu wangu – anafungua mdomo! “Samahani, mama. Ni kukoma siku? Acha chai ya moto. Na dirisha, mwambie mzee akutobolee dirisha, si kazi kubwa, nitamweleza vipimo.” Kwa sauti ya karakana! Benchi zima limegeuka. Mwanaheri anacheka mpaka machozi, wote wanacheka, na yeye anapima hewa kwa mikono, upana huu, urefu huu –

Mlango umefunguliwa. Mwanaheri anasema niingie mimi kwanza, yeye atangoja. Baba Nikolao amesimama pamoja nami. Nafunga daftari.