Candiru na Chura

Mjukuu wangu Ayikoru,

Huku Logiri tu wazima, na bibi yako ameacha kukohoa. Unauliza, kati ya walimu wako wa Kampala, nani anasema kweli: mtu huzaliwa na tabia yake, hufinyangwa na malezi, au hugeuzwa na mahali alipo?

Mwaka 1979 watu wenye bunduki waliingia uani kwetu. Sisi wanaume tulikauka. Dada yangu Candiru, aliyekuwa akikimbia hata chura, akatoka na sahani ya ugali. Akamega tonge, akala yeye kwanza, waone haina sumu.

“Chakula iko. Kuja kula.”

Mkubwa wao alimkazia macho, kidole hakijatoka kwenye bunduki. Kisha akaomba maji ya kunawa.

Walipoondoka, mama alisema ni damu, baba akasema ni malezi, jirani akasema ni hofu tu. Wakiwa bado wanabishana, Candiru akapiga yowe nyuma ya jiko. Tukakimbia na mikuki.

Alikuwa chura.

Mwalimu atakayekueleza Candiru wote wawili, yule wa ugali na yule wa chura, huyo mfuate. Mimi bado namngoja.

Babu yako