Kisichochanika Hakishonwi

Nyumbani,
9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hamjambo huko? Goti la shemeji limepoa? Mimi ni mzima wa mwili. Cherehani zetu bado zinalia, ila ile ya Kasuku wangu, pale dirishani, nimeifunika kitambaa.

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikaionea wivu. Unasema binti yako Kimya amepimwa tena, bado ana kirusi kilekile cha HPV, na seli za mlango wa kizazi zimeanza kubadilika. Daktari anataka kuziondoa, Kimya naye analalamika: haumwi, ana kazi, kliniki ina foleni. Mdogo wangu, nimekuonea wivu hata malalamiko hayo. Wangu halalamiki tena.

Unakumbuka Kasuku wangu alivyokuwa na maneno. Naye aliambiwa ana kirusi hicho, arudi baada ya mwaka. Mwaka ulipotimia ilikuwa msimu wa sare za shule. Akacheka huku anang'ata uzi: "Mama, kisichochanika hakishonwi." Mafundi wote hoi kwa kicheko. Miaka ikapita, haumwi popote. Damu ilipoanza kumtoka ovyo, saratani ilikwisha kutanda, ikamchukua.

Muuguzi wake alinieleza taratibu. Kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana, huwapata wengi mno, wala si alama ya uhuni, na miili mingi hukifukuza yenyewe. Cha kuogopa ni kile kinachogoma kuondoka. Kinageuza seli kidogo kidogo, kwa miaka, bila maumivu, mpaka ziwe saratani. Ni kama mshono, mdogo wangu: kwa nje nguo nzima, ndani uzi unaachia. Ukiuwahi, unaurudia tu.

Sitakuficha. Nimejiuliza kwa nini wako awahiwe na si wangu. Walivaa magauni ya jora moja, niliyakata mimi. Wivu huo umenikaa kooni kama kipande cha uzi. Lakini nikimfikiria Kimya kwenye kitanda kile cha Kasuku, nautema.

Basi mwambie kwamba mama yake mkubwa habembelezi. Aende Jumatatu. Na alalamike njia nzima, wewe usimnyamazishe. Msikilize na kwa niaba yangu.

Msalimie shemeji, na mjukuu wetu umbusu kwenye paji la uso. Mungu awafunike nyote.

Mkishakaa kwenye benchi la kliniki, mnikumbuke.

Dada yako akupendaye,
Mama Kasuku