Mashine Isiyofunguliwa na Magamba ya Paiche

Mtaa wa Trujillo,
Punchana, Iquitos.
Jumanne, 9 Desemba 2025

Mpendwa mwanangu Gilmer,

Hujambo? Mkeo Yesica naye, kifua chake kimeizoea baridi ya Arequipa? Huku tu wazima wa mwili. Kaka yangu, baba yako, pia ni mzima, ila tangu jana anaacha nusu ya chakula sahanini, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Jana saa kumi jioni, mhandisi Barrantes, mwenyekiti wa klabu ya waunda mifano ya meli, alitangaza kwamba meli ya baba yako imeondolewa kwenye maonyesho ya sikukuu ya mji, tarehe 5 Januari. Kanuni zinataka kazi ya mkono mtupu, naye anasema ubavu wa meli hiyo umelainishwa kwa mashine ya umeme.

Miezi kumi na minne, Gilmer. Ni ile meli ya moshi ambayo babu yako alikuwa akichochea tanuri lake. Ameichonga kwa topa, mti laini hata ukiubonyeza kwa ukucha unabaki na alama. Vifaa vyake vya kusugulia unavijua, ulikua ukivikanyaga sakafuni: magamba ya paiche, yule samaki wetu mkubwa wa mtoni, yaliyokaushwa na kugandishwa kwenye vijiti vya aiskrimu, makubwa kwa kazi ya kwanza, madogo ya mkiani kwa kumalizia, na ule ulimi wa paiche, mfupa mkavu wenye meno, wa kuparuzia palipo na kifundo. Kwenye kona za madirisha alipitisha ukanda wa karatasi ya msasa uliobandikwa kwenye kibanio cha nywele cha marehemu mama yako.

Nilimpelekea mhandisi vyote hivyo ndani ya kopo la biskuti. Akageuza kijiti kimoja, akacheka.

“Bibi Zoraida, hivi si vile wanavyowauzia watalii wasugulie kucha?”

“Ndivyo. Na wewe ukizipitishia zako kidogo zitapendeza.”

“Ubavu laini namna ile hautoki kwenye samaki, mama.”

“Umewahi kumpara paiche, mhandisi, au mlijuana akiwa tayari sahanini?”

Akanirudishia kopo. Huyu ni mtu anayeunganisha meli za vipande vya kununua, vyenye namba, na amejipa haki ya kusema mkono wa kaka yangu hauwezi.

Ushahidi wake ni mmoja. Kamati ilipita nyumba kwa nyumba kukagua meza za kazi, ikaiona ile mashine ya msasa uliyotuma mwezi wa tatu. Iko kwenye rafu, ndani ya boksi lake, juu ya kitambaa alichofuma mama yako, karibu na picha ya harusi yenu. Katibu akaandika: mashine ya umeme, ipo. Hakuinua boksi. Hakuuliza. Mimi nimeliinua: utepe wa dukani umefunga pande zote mbili. Baba yako hajaifungua hata siku moja. Ingeila topa kabla hujahesabu tatu.

Nilimwambia awapelekee boksi, yaishe. Akakataa.

“Zoraida, kila Jumapili mtoto ananiuliza mashine inaendeleaje. Nimemwambia inafanya kazi vizuri sana. Leo nisimame ukumbini niseme sijaigusa? Nusu ya watu wale wana ndugu Arequipa.”

“Kwa hiyo bora uitwe mwongo?”

“Mwongo si nimeshakuwa.”

Nimetangaza habari redioni miaka thelathini na sita. Nimeona watu wakihukumiwa kwa ushahidi hafifu, lakini kwa boksi lililofungwa, huyu ni wa kwanza. Na anakubali, ili wewe usione zawadi yako imedharauliwa.

Nilimwahidi nisikwambie. Nimevunja ahadi, lawama ni yangu. Sikupiga simu kwa kuwa nyumba hii ina simu moja na anakaa nayo yeye. Barua inakuja na Lidonila, binti wa jirani, anayesafiri Alhamisi.

Nakuomba umpigie wewe. Usimpe maneno ya huruma, atayanusa. Mwambie unajua boksi limefungwa, na unataka watu walione lilivyo.

Msalimie Yesica, umbusu mjukuu wetu Dayana, na umwambie binamu yako Rusber kwamba mguu wa mama yake umepona. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape kazi na afya.

Rufaa nimeiandika mimi na klabu imeipokea. Wanataka boksi liwe mezani na baba yako aseme kwa kinywa chake. Kikao ni Jumamosi tarehe 20, saa tatu asubuhi. Mpigie Ijumaa ya tarehe 19, kabla ya saa mbili usiku.

Shangazi yako, akupendaye hata siku ya hasira,
Zoraida Tuanama