Nahodha Aliyesahau Bamvua

Kismayo, Ijumaa. Asubuhi mawingu mepesi, upepo kidogo.

Dada Mwanaesha, salamu, na pole kwa mume uliyepewa.

Alasiri timu yetu ilifungua ligi nyumbani, kwenye uwanja wa mchangani ufuoni. Mumeo nahodha alishinda kura ya sarafu, akachagua goli la upande wa mjini ili kipa asipigwe na jua. Wachezaji wote ni wavuvi, na hakuna aliyekumbuka kwamba ni bamvua, siku bahari inapojaa kupita kawaida. Kipindi cha pili tukahamia goli la upande wa bahari, na maji yakajaa mpaka magotini mwa kipa. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja. Mpira ukakwama majini, wageni wakafunga mawili.

Mama wa Kisomali aliyekaa nami akauliza, “Walaal, ndugu yangu, vijana wenu wamekuja kucheza au kuvua?”

Mumeo akanijia amelowa. “Shemeji, maji yametuwahi.”

“Maji yamekuja saa yake, shemeji. Ni wewe uliyepotea.”

Akirudi huko kisiwani Chula mpe chakula, sifa mnyime. Mungu akujaalie ujifungue salama, na mtoto achukue akili zako. Mechi ijayo nitakaa mbele tena.

Nalala sasa, saa sita usiku, sauti imekauka kwa kuwashangilia wapumbavu hao.