Shangazi Aliponitambua Pichani

Butimba, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Mguu unaendeleaje, ule uliojikwaa shambani? Na kahawa mmemaliza kuchuma? Mimi mzima, ila sangara nimemchoka. Minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na vichwa, wanasema ndiyo soko huria. Kaa chini kwanza, Mama. Habari niliyo nayo si ya kusomewa umesimama.

Nilikuandikia kwamba nimepata kibarua kwa Dokta Angelina, yule mama wa chuo kikuu anayechunguza jinsi watu wanavyowatambua ndugu zao. Tunaingia nyumba kwa nyumba na bahasha ya picha za watoto, wengine wa ukoo wa nyumba ile wanaoishi mbali, wengine wa watu baki. Tunauliza, "Kati ya hawa, nani wenu? Umemjuaje?" Mtu anajibu, tunaandika, anatia sahihi. Mzee mmoja wa Usagara alimkataa mjukuu wake mwenyewe, akamchagua mtoto wa askari wa Kigoma, tena akaapa.

Wiki iliyopita orodha ya Mkolani ilitoka, nikaliona jina la yule bwana aliyenizaa. Ningeweza kuomba mtaa mwingine. Sikuomba. Nilichukua picha yangu ya Komunyo ya Kwanza, ile uliyoniazimia gauni kwa mama mdogo, nikaichanganya na zile za kwenye bahasha. Ni kosa kubwa katika kazi hii, nalijua. Nikafunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, masikio yote ndani.

Mlango alifungua dada yake, Kabula. Ndiyo, yule yule aliyekufunua kanga mgongoni nikiwa wa miezi mitatu, akasema, "Huyu si damu yetu, mpeleke kwenu Songea," huku kaka yake akitazama viatu vyake. Amenenepa, anauza mitumba barazani. Yule bwana alikuwa kwenye kiti cha kamba. Amepunguzwa kazi tangu kiwanda cha pamba kiuzwe, siku hizi kazi yake ni kukaa.

Huku salamu haziishi mpaka useme wewe ni wa nani. "Ng'wana nani?" Kabula akaniuliza.

"Wa Agatha."

"Agatha si mama huyo? Mimi nakuuliza wa baba gani, binti."

Jina lako lilimpita hivi hivi, Mama. Alikuharibia maisha na wala hakuwahi kuliweka kichwani. Hapo ndipo huruma yote iliponitoka.

Nikazipanga picha mkekani. Aliziruka zote akaikamata yangu. "Huyu wetu! Tazama nyusi zilivyokutana. Tazama masikio, hayana ndewe. Ni marehemu mama mtupu! Kaka, njoo uone. Si atakuwa mtoto wa dada yetu wa Shinyanga huyu?" Akaita na majirani wawili waje washuhudie jinsi damu ya kwao isivyojificha. Nikamwuliza mara tatu kama ana uhakika. "Andika!" akasema. Nikaandika, akatia sahihi.

Yule bwana aliichukua picha. Akayafunika yale masikio kwa kidole gumba.

Nikafungua kitambaa.

Laiti ungemwona Kabula, Mama! Majirani walinitazama, wakaitazama picha, wakamtazama kaka yake, na mmoja akaanza kucheka. "Futa," Kabula akaninong'oneza. "Binti, nakuomba, futa." Nikamwambia, "Wino haufutiki, shangazi." Nilimwita shangazi makusudi, nikasikia utamu, nikamwita tena.

Halafu nikatoa fomu nyingine, nikamgeukia yule bwana. "Na wewe, mzee, ulimtambua lini?"

Akairudisha picha mkekani. "Siku ile ile mama yako alipokuleta," akasema. "Ulikuwa na masikio ya mama."

Miaka yote nilidhani hakunijua. Nilikuwa namtetea moyoni, nikisema dada yake ndiye aliyempotosha. Kumbe alinijua! Nikaliandika jibu lake neno kwa neno, nikalisoma kwa sauti mara mbili majirani wakisikia. Akaniomba niingie ndani nile nao ugali. Nikamwambia nimeshiba.

Dokta nimemweleza ukweli. Amekasirika sana, kesho ataniambia kama bado nina kazi. Zile fomu mbili amesema hazimfai tena, kwa hiyo nimezitia humu. Mwonyeshe mjomba, aliyekuita mwongo mbele ya wageni wa harusi yake. Kama atasema haoni vizuri, mwazime miwani.

Nisalimie bibi, umwambie dawa ya kifua nitamtumia kwa basi. Nisalimie mama mdogo na wanawe, na katekista aliyekubali kunibatiza kwa jina lako pekee wakati wengine wanamnung'unikia.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna jambo nalificha na si haki. Jana yule bwana alikuja hapa Butimba kwa miguu kutoka Mkolani. Anataka anwani yako akuandikie, akuombe radhi. Sikumpa. Lakini anwani ni yako, si yangu. Ukisema nimpe, nitampa. Na ukitaka kumsamehe, msamehe, Mama. Ila mimi usiniambie.

Ni mimi mwanao,
Fides