Muungwana Hafungi Droo

Dubai,
Jumanne, 14 Machi 2017

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na mwanangu Jovia anakula? Mimi ni mzima, nimechoka tu, tena si ule uchovu wa kulala ukaisha. Barua hii anakuletea Faustine wa jirani, mkataba wake umekwisha, anarudi leo. Kwa simu ningeshindwa.

Uliniuliza kama sir, mwajiri wangu, ni mtu mwema. Profesa Musallam ni muungwana, mama. Nikiingia sebuleni na trei ya kahawa, anasimama. Kila Ijumaa wageni wake hubishana juu ya wanafalsafa wa Ulaya wa zamani, waliosema mtu aongozwe na akili yake na kila binadamu aheshimiwe. Mgeni mmoja, Khelef, ambaye wazee wake ni wa Unguja, hunitania kwa Kiswahili: toka basi bibi we, huyu hatoketi mpaka uondoke, na kahawa yapoa.

Hata droo yenye pasipoti yangu sir haifungi. Anasema muungwana humwamini mtu, hamfungii.

Uliposema Jovia atafanyiwa upasuaji wa moyo Jumatatu ijayo, nilimwomba ruhusa. Akanivutia kiti. Akanipa tishu, ingawa sikuwa nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema pole sana, lakini hapana. Nilitia sahihi miaka miwili, imebaki miezi saba, na ahadi ni ahadi. Akasema kabla ya kutenda jambo mtu ajiulize: je, watu wote wakifanya kama mimi, itakuwaje? Nikasema asante sir, nikaenda kupiga pasi mashati yake. Sikuhisi kitu, mama, hata mvuke uliponiunguza kidole.

Siku tatu nimejiuliza swali lake. Jibu nimelipata: wote wakifanya kama mimi, kila mtoto ataamka hospitali amkute mama yake.

Basi sikufichi. Asubuhi hii nimefungua ile droo, nimechukua pasipoti. Tiketi ni ya Alhamisi. Sitoroki kama mwizi. Kesho nitakwenda sebuleni nimwambie. Najua atasimama. Akikataa tena, nitaondoka vilevile. Usinikemee, mama, nimeshaamua.

Wasalimie majirani wote. Jovia mbusu kwenye paji, mwambie asiogope. Kesho na mimi nitakuwa nimesimama mbele ya sir, sina trei mkononi.

Mwanao,
Frida