Kware wa Bosi, Mbwa Wangu

Jumatatu, 4 Februari 2002
Nimezungukia mitego kabla ya chai. Rakuni mmoja, kama fungo wa kwetu, mnene, ananiangalia kama mwizi aliyeshikwa sokoni. Nimemmaliza. Sisimizi wekundu wameingia tena kwenye chakula cha ndege. Nimemwaga dawa, na mikono inaniwasha mpaka saa hii. Nguruwe mwitu nao wamelima shamba la mtama la ndege, utadhani wamelipwa. Shenzi sana.

Matajiri wanatoka Houston wikendi kuja shamba hili la bosi kupiga kware. Kware wenyewe tunawafuga bandani, asubuhi tunawaachilia nyasini. Kazi yangu ni kuua kila kitu kinachotaka kuwala kabla ya tajiri kuwapiga risasi. Nikifikiria sana nacheka.

Baba Neema, Mkongo ninayefanya naye kazi, amebeba paja la nguruwe kwa watu wa kanisa lao huko Sharpstown, Houston. Yeye huchinja, huchimba, hutengeneza uzio. Bunduki hashiki. Alizoziona Kivu zinamtosha. Kwa hiyo kuua ni juu yangu.

Bandani kware kadhaa wamekufa. Sijapenda walivyokufa.

Jumatano, 6 Februari
Wengine tena. Hawajaliwa. Rakuni hung'oa kichwa kupitia wavu. Koyote, mbweha wa huku, hubeba akaenda zake. Huyu anauma, anatikisa, anaangusha, anashika mwingine. Anacheza. Ameingilia kwenye shimo chini ya uzio, upande wa kijito.

Bosi yuko mjini. Nimempigia simu nikamwambia ni koyote. Hakuuliza zaidi.

Popi, mbwa wangu, hakugusa chakula asubuhi. Ameshiba nini?

Ijumaa, 8 Februari
Baba Neema ameniita kwenye shimo. Matope yamekauka na alama ya mguu imebaki. Pana, ya duara. Ya koyote huwa nyembamba. Akaniambia, "Ndugu, hii haiko nyama ya pori. Hii iko ya nyumba. Na ni weye ulimufundisha."

Nimemtukana. Nimemwambia akae na nguruwe wake. Akachukua koleo la kuchimbia akaenda.

Nimefungua mdomo wa Popi nikaangalia meno. Sikuona kitu. Sikuangalia sana.

Ukweli ni kwamba kila tukisafisha ndege wa wageni, vichwa na matumbo nampa yeye. Ukweli mwingine: nimemfuga kama kwetu. Mchana amefungwa, jioni namfungua alinde boma. Wazungu wa hapa jioni ndiyo wanafungia mbwa wao ndani. Mimi nikawa najiona mjanja.

Nilimwokota barabarani akiwa mdogo, ametupwa ndani ya katoni. Mwaka ule nilikuwa peke yangu kwenye trela hii, mke na watoto wako Alief, Houston, Baba Neema hajaajiriwa. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi hakuna mtu wa kunisalimia kwa lugha ninayoielewa moyoni. Nikawa naongea na mbwa. "Kaa" anajua. "Njoo hapa wewe mjinga" anajua. Nampenda huyu mbwa. Basi, nimeandika.

Sheria ya bosi ni moja: mbwa akiua ndege, risasi. Mwaka jana alimpiga mbwa wake mwenyewe wa kuwinda. Alilia, lakini alimpiga.

Jumamosi, 9 Februari
Alfajiri nimepiga koyote huko mbali kabisa, karibu na lami. Hakuwa na habari na kware wetu. Nimemning'iniza kwenye uzio ili bosi akija amuone. Alikuwa jike, na alikuwa na mimba. Bosi amenipiga bega, kazi nzuri. Nimeshindwa kula mchana.

Popi nimemfunga mchana na usiku.

Jumapili, 10 Februari
Sikuenda kanisani. Bosi ameliona shimo. Amesema dume lazima atarudi kumtafuta jike wake. Akatoa kitanzi cha waya kwenye pikapu, akaniambia nikitege hapo hapo, akasimama juu yangu na kahawa yake. Nimekitega. Vidole vyangu vilijua kazi, mimi sikuwepo.

Ningesema. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikasema, "Sawa, bosi."

Atakaa huku wiki nzima, wageni ni wengi kabla msimu haujafungwa. Kila asubuhi anapitia kitanzi. Siwezi kukitoa.

Jumanne, 12 Februari
Kware wote wamesalimika. Bosi anasema, unaona, alikuwa yule jike. Labda ni kweli alikuwa yule jike. Nimejidanganya hivyo kutwa nzima.

Popi analia. Anazunguka mti mpaka kamba inakwisha, halafu analala ananiangalia. Nimemwendea Baba Neema, nimeomba msamaha kwa yale matusi, nikamwomba amchukue. Fleti zao haziruhusu mbwa. Lakini atauliza watu. Amenishika mkono kwa mikono miwili. Mtu mwema kuliko mimi.

Alhamisi, 14 Februari
Mama Ciku, mke wangu, amepiga simu. Pale anapotunza wazee amepewa mapumziko, watoto atawaacha kwa dada yake. Anakuja kesho. Nimefurahi mpaka nikanyoa ndevu.

Habari ya Popi sijamwambia. Hajawahi kumpenda. Atasema, si nilikwambia, mbwa wa nini? Nitamwambia tukikaa vizuri.

Jumamosi, 16 Februari
Popi amekufa.

Jana wageni walikawia kurudi. Nilikuwa kibandani na Baba Neema tukisafisha ndege. Mama Ciku alikuwa kwenye trela anapika. Niliporudi giza limeingia, chakula mezani, amejifunga leso, nyumba inanukia watu. Nikala, nikalala kama gogo. Sikwenda kwenye mti. Kwa nini sikwenda kwenye mti?

Asubuhi kamba iko chini. Haijakatwa wala kutafunwa. Imefunguliwa vizuri, na mtu.

Nimekimbia. Alikuwa kwenye shimo, nusu yake ndani na nusu nje. Amechimba ardhi yote kwa miguu ya nyuma. Waya umeingia shingoni mpaka hauonekani. Nimeutoa kwa koleo ya waya. Alikuwa amepoa.

Nimerudi nikamfokea mke wangu kama mwendawazimu. Nani alikutuma? Nani? Yeye na mwiko mkononi: "Si ilikuwa jioni? Mbwa si hufunguliwa jioni? Alikuwa analia, Baba Ciku. Nilimhurumia."

Siku moja anamhurumia. Siku moja tu.

Jumapili, 17 Februari
Baba Neema amechimba kaburi. Amelishusha chini sana, pembe zimenyooka. Alipomaliza alikaa kando na kofia magotini. Nilidhani atanicheka, mtu aliyezika watu anamwona mzee mzima analilia mbwa. Hakucheka.

Bosi naye amekuja. Amevua kofia. Amesema Popi alikuwa akimfukuza koyote, alikufa kazini, hakuna mbwa kama huyo. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimemshukuru. Nimejisikia mchafu.

Mama Ciku nimemweleza yote kabla hajaondoka. Mguu kwenye matope, sheria ya bosi, kitanzi, yule jike. Amesikiliza mpaka mwisho. Hakusema lile la "si nilikwambia". Alisema, "Ungeniambia." Akaliendea gari lake, akaingia, akakaa muda mrefu bila kuliwasha. Nilisimama dirishani kwake. Hakushusha kioo.

Alhamisi, 21 Februari
Baridi kidogo. Nimezungukia mitego, haina kitu. Wageni wanakuja Jumamosi, bosi anataka ndege wengi.

Mama Ciku jana hakupokea simu. Leo amepokea, ameuliza kama nimekula. Nimesema nimekula.

Nimeenda bandani mapema kuliko kawaida. Nimekagua wavu pande zote, nimepiga magoti kwenye shimo, nimehesabu ndege, nikarudia kuhesabu. Kware wote wazima, wananona. Nilikuwa naomba nikute hata mmoja amekufa, niseme hakuwa Popi.